Kitambaa Kisichooza

Bondeni Nansavallen, Cornwall
4 Februari

Wifi yangu Tamsin,

Ningeanza kwa kukuambia sijambo, lakini ningekuwa nadanganya kuanzia mstari wa kwanza, na mimi si Clive. Nimechoka mpaka basi. Vidole vimejaa miiba, goti limevimba, na Kichaka kizima, chama chetu cha chemchemi, kimeninunia.

Unajua sikukuu yetu ya chemchemi ilivyo. Watu kumi, chupa ya maziwa ya kondoo ya kulimwagia jiwe, tunaziuliza pande nne kama kuna amani, tunaimba Awen, lile neno letu takatifu, mara tatu, tunakunywa supu, kila mtu anarudi kwake. Basi mwaka huu Clive, mkuu wetu wa Kichaka, kaitangaza kwenye mtandao! Wamekuja watu zaidi ya mia, wengine na viatu vyeupe. Kila mmoja na kitambaa chake cha kufunga kwenye mti wa Mei, ule wa miiba kando ya chemchemi, na kila mmoja anatafuta tawi litakalotoka vizuri kwenye picha. Nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Pamba! Pamba au sufu, jamani, kitu kinachooza!" Nani anisikie? Clive alikuwa anapiga ngoma.

Walipoondoka nikaenda kuutazama mti. Tamsin, nilikaa kwenye matope nikalia. Mkanda wa sidiria. Kamba za viatu. Utepe wa zawadi za Krismasi. Barakoa. Mkanda wa shingoni wa mbwa pamoja na kengele yake. Matawi ya upande wa maji yamenyongwa, gome limepasuka, na mti ule umekuwepo tangu bibi yetu hajazaliwa. Wanaupenda mpaka wanauua. Sikungoja ruhusa ya mtu. Nimechukua mkasi na msumeno, nimetoa kila kitu cha nailoni na cha plastiki kabla ndege hawajaanza kujenga viota. Kitambaa kimoja cha rangi ya machungwa kilikuwa kimezama ndani ya gome kabisa, ikabidi nikate tawi zima.

Sasa wanasema nimeleta mkosi. Kanuni unaijua, nilikufundisha mwenyewe: kitambaa kinatoka kwenye nguo ya mgonjwa, kinaloweshwa, kinafungwa, kinaachwa. Kikioza, na ugonjwa unaoza. Anayekitoa kabla hakijaoza anaubeba yeye. Haya, nimebeba. Mpaka leo nimebeba mafua tu.

Msalimie Jory. Mwambie dada yake bado yu hai, kama ana haja ya kujua.

Wako mwenye miiba,
Lowenna


Orkney
11 Februari

Wifi Lowenna,

Pole na goti. Weka majani ya kabichi, ulinifundisha mwenyewe.

Huku visiwani ni upepo tu. Siku ya sikukuu nilisimama peke yangu nyuma ya banda la kuku, nikaiuliza magharibi kama kuna amani, ikanijibu kwa kunivua kofia. Sijaiona tena. Kuku hawatagi.

Jory hajambo. Injini za feri zimeharibika nyingi msimu huu, anarudi amechoka, ndiyo maana haandiki.

Hicho kitambaa cha machungwa umekiweka wapi? Nauliza tu.

Tamsin


Nansavallen
18 Februari

Wifi,

Majani ya kabichi yamesaidia. Kichaka hakijasaidia.

Waliniitia mkutano Jumapili, palepale chemchemini, mvua inanyesha. Clive amevaa kanzu yake mpya, nyeupe, na mimi macho yangu si mabovu: ile ni shuka ya hoteli, muhuri wa hoteli uko kwenye pindo. Tukaipitisha fimbo ya kusema. Mwenye fimbo anasema, wengine wanasikiliza, kanuni nzuri kabisa mpaka fimbo imfikie Clive. Alituambia habari za mababu mpaka supu ikapoa. Mimi ilipofika kwangu nikasema neno moja tu, nikasema, "Njooni muuone mti." Hakuna aliyesogea.

Halafu ikawa aibu ambayo sijawahi kuiona. Clive akasimama katikati tumalize kwa utaratibu. Akageukia kaskazini: "Je, kuna amani?" Tukajibu: "Kuna amani." Kusini, tukajibu. Magharibi, tukajibu. Alipogeukia mashariki, Mama Hocking, mwenye miaka themanini na mbili, akapaaza sauti: "Hakuna!" Wewe! Clive akaivuta kanzu yake. Akauliza tena, kwa upole. "Hakuna, nimesema! Huyu Lowenna amekitoa kitambaa cha paka wangu, na paka ana kisukari!" Unajua huwezi kufunga duara la ibada kama upande mmoja hauna amani. Tukasimama tumeloa, hatujafungua hatujafunga, mpaka Mama Hocking akachoka kusimama akaenda zake nyumbani, na sisi nyuma yake mmojammoja. Mpaka leo duara liko wazi. Mbuzi wamelipita, mbweha wamelipita.

Cha machungwa kiko kwenye gunia nje ya mlango pamoja na takataka nyingine. Alhamisi napeleka jalalani. Tangu lini unaulizia takataka zangu? Huniulizii hata afya.

Na hizo injini za feri, wifi, zimekuwa mbovu tangu mwaka juzi. Mimi si mtoto. Kama umemkataza ndugu yangu kuniandikia, sema. Nitakasirika, lakini nitajua nakasirikia nini.

Lowenna


Orkney
22 Februari

Usikitupe. Natuma barua hii kwa njia ya haraka na nimelipia ziada, kwa hiyo isome mara mbili. Usikitupe kile kitambaa. Vingine vyote peleka unakotaka.

Sijamkataza mtu kuandika.

Tamsin


Nansavallen
1 Machi

Tamsin,

Barua yako ya haraka imefika Ijumaa. Jalalani nilishakwenda Alhamisi.

Nimerudi. Nimewaambia wale vijana wa pale getini kwamba natafuta gunia langu, wakaniuliza lina nini, nikasema lina magonjwa ya watu. Wakanipisha haraka. Nimepekua takataka za wilaya nzima kwa goti hili, nanuka mpaka mbuzi wananikimbia, na nimelipata. Sasa kitambaa kiko mezani mbele yangu, pamoja na kipande cha tawi kilichokikumbatia.

Na nimekijua. Nilipokiosha nikaona ule mstari wa fedha unaong'aa gizani. Ni koti la mvua la Jory. Mimi ndiye niliyemnunulia alipopata kazi ya feri! Unachana koti zima la ndugu yangu unalifunga kwenye mti wangu, halafu unaniambia unauliza tu!

Nguo ya mgonjwa, Tamsin. Nani mgonjwa? Ndugu yangu anaumwa nini? Ana nini cha miaka sita, maana nimehesabu pete za tawi tangu gome lianze kukimeza? Mbona mimi dada yake sijui?

Na hata hivyo, wifi, umefikiria nini? Hii ni plastiki. Wewe utazikwa, mimi nitazikwa, mti utakufa, na hiki kitambaa kitakuwa kinang'aa vilevile. Hakiozi. Hakingeoza hata siku moja.

Nataka jibu, na nisisikie habari za injini.

Lowenna


Orkney
8 Machi

Lowenna,

Nimesoma ule mstari wako, "hakingeoza hata siku moja," nimesimama jikoni na sufuria mkononi, nikacheka mpaka nikajishika ukutani. Kisha nikalia. Sasa nimemaliza vyote viwili, nakujibu.

Ndugu yako ni mlevi. Haya, umejua. Si mnywaji wa sikukuu, si wa kuchangamka. Mlevi. Feri walimwachisha kazi mwaka juzi na injini zao ni nzima kabisa. Chupa za wiski nimezikuta kwenye mashine ya kufulia, kwenye banda la kuku, kwenye rundo la mwani tunaloweka bustanini. Hapigi mtu. Hatukani. Ningekuwa na la kumshtaki ningekuwa nimeshaondoka. Yeye analia, anaomba msamaha, analala juu ya ukuta wa mawe kwenye baridi, na jirani yetu Magnus anamrudisha kwa toroli. Kwa toroli, Lowenna, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Magnus ananiambia, "Mzigo wako huu, mama," na mimi nasema asante.

Unauliza mbona hukujua. Angekufa kwa aibu kama ungejua. Aliniapisha. "Kila mtu ajue, Lowenna asijue." Wewe ndiye uliyemlea. Kila barua yako ya kunisema kwamba namficha ndugu yako, niliimeza, kwa sababu ni kweli nilikuwa namficha.

Uliniambia nguo ya mgonjwa. Sikuchukua soksi, sikuchukua tambara. Nilichukua ile aliyoipenda kuliko zote, nikafikiri ndiyo yenye nguvu. Nilikifunga asubuhi, wewe ukiwa unakamua mbuzi. Nikajiambia: sitamwacha mpaka kioze. Kikioza na yeye bado analewa, nitajua nimefanya langu, nitaondoka kwa amani. Kila tulipokuja kiangazi nilikwenda chemchemini kwanza, kabla ya kufungua mizigo. Nakikuta kinang'aa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Nikasema labda imani yangu ni ndogo. Nikazidisha. Nimesimama nyuma ya banda la kuku kwenye theluji naziuliza pande nne kuna amani, najijibu mwenyewe kuna, nikijua hakuna.

Miaka sita nimengoja plastiki ioze! Mtu mzima mimi, niliyesoma! Nakasirika, na sijui nimkasirikie nani. Wewe kwa kutosema mapema pamba au sufu? Yeye? Mwenye kiwanda cha makoti?

Sasa umekitoa. Hakijaoza na hakipo. Niambie wewe mlinzi wa chemchemi: mimi nifanyeje? Nakaa au naondoka? Sina tena cha kutazama.

Tamsin


Nansavallen
14 Machi

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma zizini, kisha nikaisoma tena. Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa za kukukaripia kwa kunificha, nimezitia jikoni zikachemshe chai. Hii ndiyo imebaki.

Nimeifagia chemchemi hii miaka thelathini na sijui kama inaponya. Mtu akiniuliza namwambia sijui. Lakini kanuni zake nazijua, na wewe unazijua. Anayekitoa kitambaa kabla hakijaoza ndiye anayeubeba ugonjwa. Nimekitoa mimi, kwa msumeno wangu. Hukuniomba, hukujua. Basi si wako tena, Tamsin, ni wangu. Umebeba ndugu yangu vya kutosha na mimi huku nakusema vibaya kwa Mama Hocking. Nipe zamu.

Nakuja huko. Wewe njoo huku. Chumba cha juu ya zizi nimekipaka chokaa, kitanda kina blanketi jipya. Mbuzi mweusi anapiga teke ukimkamua kwa kushoto. Clive usimpe fimbo kabla ya supu.

Usimwambie Jory nakuja. Nataka kuiona sura yake.

Lowenna


Nansavallen
24 Aprili

Wifi Lowenna,

Huyu Clive wako nitamtia kwenye chemchemi, kichwa kwanza.

Amekuja jana na bango. "Mti wa Matumaini," limeandikwa, na mshale. Nikamuuliza mshale wa nini, mti si unaonekana? Akasema ni kwa ajili ya wageni wa sikukuu ya Mei. Nikaling'oa mbele yake, nikawashia moto wa kupikia. Nimeweka kikapu cha vitambaa vya pamba pale kwenye lango: mtu akija na nailoni anaiacha, anachukua pamba. Mwanamke mmoja amenigombeza kwamba pamba haina rangi nzuri. Nikamwambia, mama, hiki hakikusudiwi kudumu, kinakusudiwa kuisha. Akanitazama kama nimemtukana. Mimi nikaenda nyuma ya zizi nikakaa kidogo.

Mama Hocking anakuja kila siku kunichunguza. Paka amepungua uzito na ana furaha, kwa hiyo hamtaji tena. Mbuzi mweusi amenipiga teke kushoto na kulia pia.

Pale ulipokata, gome limeanza kujifunga, na chini yake kuna vichipukizi, vidogo, vyekundu. Ubavu mwingine wote una matumba.

Nalala usiku mzima. Naamka nasikiliza kama toroli linakuja, nakumbuka liko mbali, nalala tena. Nimeona aibu kukuandikia hili, lakini ndiyo hali.

Huniambii habari za huko. Siulizi. Nauliza.

Tamsin


Orkney
3 Mei

Wifi Tamsin,

Miungu yangu, ulikuwa unaishije na upepo huu! Kofia yangu imeifuata yako.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukupa. Siku ya kwanza Jory aliponiona mlangoni alijifungia chooni mpaka jioni. Mimi nikakaa nje ya mlango nikamsimulia habari za Clive na shuka ya hoteli mpaka akacheka, akatoka. Wiki iliyofuata nilimwaga chupa akanitukana matusi ambayo marehemu mama angemchapa kwa hayo, hata na ndevu zake zote hizo. Kisha akaacha. Kisha akaanza tena, Magnus akamleta, na mimi nilimwambia Magnus toroli lake alirudishe kwake na lisionekane tena hapa, mtu atembee kwa miguu yake au alale alipo. Amelala alipo. Ameamka na baridi, kanichukia, kanywa chai. Sasa anakwenda kwenye kikao cha wanaoacha pombe, kila Jumanne ukumbini, wanakaa kwenye duara, anasema mmoja wengine wanasikiliza. Anasema ni kama Kichaka bila mbuzi. Hajanywa tangu Jumatatu ya Pasaka. Sikuahidi kitu, nakuambia nilichokiona.

Kuku wanataga. Ni ule upande wa banda, ulikuwa na tundu.

Juzi aliuliza koti lake la machungwa lilikwenda wapi. Nikamwambia yote: ulilichana, ulilifunga, ulivyokuwa ukienda kulitazama kila kiangazi. Akaenda kabatini akatoa ile sweta aliyofumiwa na mama, unaijua, akachukua mkasi, akakata mkono wa kushoto wa sweta. Sufu tupu. Akasema, "Mpelekee Tamsin anifungie."

Nimekiweka humu ndani ya bahasha.

Lowenna


Nansavallen
10 Mei

Lowenna,

Kitambaa nimekipata. Nimekikunjua mezani na kukikunja tena, mara nyingi kuliko nitakavyokuambia.

Kwanza sikukuu. Hawakuja mia, walikuja ishirini, na wote na viatu vya matope, kwa sababu nilimnyang'anya Clive neno la siri la ule mtandao. Mti umechanua, umekuwa mweupe wote isipokuwa pale ulipokata. Tulianza kwa kulifunga lile duara la Februari mliloacha wazi, maana Mama Hocking alisema upepo unapita humo unampiga mgongoni. Clive akageukia mashariki: "Je, kuna amani?" Wote wakamtazama Mama Hocking. Mama Hocking akanitazama mimi. "Mwulizeni huyu," akasema, "ndiye mlinzi." Nimelijibu swali hilo miaka sita nyuma ya banda la kuku, na kila mara nilikuwa nadanganya. Nikangoja nione kama ninalo jibu. Nikasema, "Ipo." Clive alilia kwenye shuka yake. Nampenda kidogo, usimwambie.

Sasa hiki cha sufu. Nimekipeleka mpaka chemchemini. Nimekilowesha hata, nikachagua na tawi. Kisha nikasimama pale mikono inadondosha maji na hasira zikanipanda, Lowenna, hasira safi, mpaka mbuzi wakainua vichwa. Anifungie! Miaka yote hii nimemfungia, nimemfichia, nimemfungulia mlango, nimemshusha kutoka kwenye toroli, na bado nimfungie!

Nimekikausha juu ya jiko nakirudisha humu ndani. Sikifungi. Mwambie mti uko palepale na njia anaijua. Aje kwa miguu yake, akiloweshe mwenyewe, akifunge kwa mikono yake, fundo lake.

Tawi nitamwonyesha. La upande wa maji, chini ya vichipukizi, ambalo halijafungwa kitu. Nimelichagua tayari.

Wako mwenye miiba,
Tamsin